Fremu ya Stanislas bado haina picha

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya soko, Zedekia Kule anafungua mlango wa bati wa chumba chake cha picha mjini Bwera, karibu na barabara iendayo mpakani mwa Kongo. Kabla ya kutundika kitambaa cheupe, kabla hata ya kuwasha printa, anashusha fremu iliyo ukutani, anafuta kioo chake kwa ncha ya shati na kuitundika tena.

Ndani ya fremu hamna picha. Kuna kadibodi ya kahawia tu, ile iliyotoka nayo dukani.

Mteja wa kwanza ni mwanamke mwenye haraka, anayetaka picha za kibali cha kuvuka.

"Kaa wima, mama. Kidevu juu kidogo. Usicheke, ya kibali hawapendi."

"Nicheke nini, na vitunguu vyangu viko kwa jua?"

Picha nne, shilingi elfu tano. Siku ya soko Zedekia hupata elfu sitini, mara nyingine themanini. Siku za kawaida, elfu kumi ni bahati. Mwanamke anapokea bahasha yake, anatazama ukutani, anauliza fremu ile ni ya nani.

"Ni ya Stanislas," Zedekia anamjibu. "Picha yake niliipoteza kwa kubeti."

Humjibu hivyo kila anayeuliza. Sasa anasema bila kuinamisha kichwa, ingawa mikono yake hutafuta kitu cha kushika.

Zedekia ana miaka thelathini na minane. Alizaliwa Mahango, mlimani, akafundishwa kamera na mjomba wake. Kwa miaka tisa alipiga picha za vibali, harusi, ubatizo na mazishi, na zote akazihifadhi kwenye kompyuta moja, kila sura na jina lake.

"Mutu akikufa, watu walikuwa wanakuja kwangu mbele ya kwenda kwa fundi wa jeneza," anasema. "Natafuta jina, natoa sura, naikuza. Nilikuwa najiona kama mimi ndiye natunza watu wa hapa."

Nyumba ya kubeti ilifunguliwa ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wake. Siku ya kwanza alivuka kwa sababu ya mvua, wateja wakiwa hawapo. Alishinda elfu ishirini. Kwa miezi kadhaa alibeti Jumamosi tu, kwa mechi za Ulaya. Kisha akazoea zile za kuigizwa, zinazochezwa na kompyuta.

"Mpira ya kweli inangoja Jumamosi," anasema. "Ile ya kompyuta haingoji. Kila dakika tatu inaanza ingine, na wachezaji wenyewe hata hawako."

Hakujiona mcheza kamari. Mcheza kamari, kwa mawazo yake, alikuwa kijana asiye na kazi. Yeye alikuwa na kamera, mke na watoto watatu.

Mkewe, Rusi, anauza unga wa muhogo sokoni. Ndiye aliyeanza kuona. "Kila wiki ananiambia pesa ilienda kwa wino," anasema. "Nikamuuliza, Baba Ronah, hiyo mashine inachapa ama inakunywa?"

Wapo wengine walioona. Mzee Yeseri, mkulima wa Kitswamba, alikuja kupiga picha ya kibali siku ambayo Zedekia alikuwa na tiketi mfukoni. Mzee alifumba macho kamera ilipolia. Zedekia hakutazama. Alichapa picha nne zenye macho yaliyofumbwa, akampa, akavuka barabara.

Saa mbili baadaye mzee alirudi kutoka mpakani, akaziweka picha mezani. "Kijana," alisema, "mimi bado sijakufa."

Watu waliokuwepo walicheka. Zedekia naye alicheka. "Pale ndipo ningejua," anasema sasa. "Mikono yangu ilikuwa kwa kazi, lakini masikio yote yalikuwa ng'ambo."

Aprili mwaka juzi alibeba kompyuta hadi Kasese, akaiuza shilingi laki tatu na nusu. Alimwomba mnunuzi asifute kitu, kwamba jioni angeikomboa na faida juu. Ilipofika saa tisa alasiri alikuwa amezibeti zote, hakubakiwa hata na nauli. Alirudi Bwera kwa kuomba lifti ya lori la saruji.

Siku nne baadaye alienda na pesa ya kukopa. Kompyuta ilikuwa imekwisha kufutwa kila kitu na kuuzwa kwa mtu wa Fort Portal ambaye hakuna aliyemjua jina. Memori kadi ya kamera alikuwa akiifuta kila wiki ili apate nafasi. Nakala nyingine haikuwepo.

Zedekia hakumwambia mtu. Aliazima kompyuta ya jirani, akaendelea na picha za vibali.

Wiki tatu baadaye mto Nyamwamba ulifurika. Miongoni mwa waliosombwa alikuwa Stanislas Kasereka, miaka ishirini na sita, aliyekuwa akisukuma mizigo ya wafanyabiashara kwa baiskeli mjini Kasese. Alionekana siku ya pili, mbali sana chini. Jeneza lilifungwa kwa misumari kabla ya kufika nyumbani.

Mama yake, Aimée Mbambu, ni muuza maharage aliyevuka kutoka upande wa Beni, Kongo, miaka saba iliyopita, mumewe akiwa amekwisha kufa. Stanislas alikuwa mtoto wake wa pekee.

"Banaume balinizuia," anasema. "Balisema, mama, usimuangalie. Nikasema sawa, nitamuangalia mu picha."

Lakini Stanislas hakupenda kupigwa picha. Alikaa mbele ya kamera mara moja tu Bwera, kwa ajili ya kibali, na picha zote nne zilikuwa kwenye kipochi alichovaa shingoni, pamoja na kadi yake ya Kongo na simu. Kipochi hakikuonekana.

Mama Aimée alikuja kwa Zedekia asubuhi ya mazishi, fremu ikiwa kwapani. Alikuwa amekwisha kuinunua.

"Akaniambia printa imeharibika," anakumbuka. "Nikasema haiko neno, nitangoja. Nikakaa ku kiti ile, ya kupigia picha. Nikakaa mpaka saa saba."

Muda wote huo Zedekia alikuwa akifungua na kufunga printa nzima, isiyo na kasoro yoyote. Kengele ya kanisa ilipolia ndipo alipopiga magoti na kumwambia.

Mama Aimée aliinuka, akachukua fremu yake, akatoka. Kwao, mtoto wa ukoo hutangulia mbele ya jeneza akiwa ameshika picha ya marehemu. Siku ile mtoto wa binamu ya Stanislas alitangulia na fremu tupu, kwa sababu mama alikataa kuiacha nyumbani. Waliokuwa kando ya njia wanasema kioo kilikuwa kinawarudishia jua machoni.

Baada ya wiki moja aliipeleka kwa Zedekia. "Iweke hapa," alimwambia. "Siku utapata mutoto yangu, utanipa."

"Hakunitukana," Zedekia anasema. "Afadhali angenitukana."

Siku hiyohiyo alimwambia Rusi yote, na Rusi akampeleka kituo cha afya kwa Yunia, mshauri anayekutana na watu wa pombe na kamari kila Jumatano. Yunia alimuuliza kama amewahi kudanganya kuhusu muda aliokaa kubeti, kama amewahi kurudi ili kurudisha alichopoteza, kama amewahi kuuza kitu. Zedekia aliitikia zote kabla Yunia hajamaliza kuuliza.

"Huwa wanakuja wakiniahidi moyo wa kuacha," Yunia anasema. "Nawaambia, moyo utachoka. Jenga ukuta wakati bado una nguvu."

Zedekia alijenga ukuta kwa kitu alichokijua. Alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, mbele ya kitambaa cheupe, akajipiga picha ya pasipoti. Alichapa nane. Akazipeleka katika nyumba za kubeti za Bwera, moja moja, akiomba zibandikwe dirishani ili asipokelewe tena.

Hamidah, mpokea tiketi wa ng'ambo ya barabara, alicheka mpaka akashika meza. "Weye Zedekia! Watu wanaleta picha ya mwizi, wewe unajileta?"

"Bandika tu, dada."

"Na ukirudi?"

"Nifukuze. Hata kwa matusi."

Aliibandika. Nyumba nyingine ilimwambia haifukuzi mteja, na njia hiyo Zedekia haipiti tena. Alibadilisha simu yake kwa ndogo ya vitufe. Pesa za wateja wanaolipa kwa simu huingia kwa Rusi.

Mwezi wa tano tangu zibandikwe picha hizo, aliteleza. Alikwenda Kasese kununua karatasi za picha, akaingia nyumba ambayo sura yake haikuwepo. Karatasi zote ziliishia pale. Safari hii hakutaja wino. Alimwambia Rusi mlangoni, kabla ya kuvua viatu, na kesho yake akarudi Kasese na mbili zilizobaki kati ya zile picha nane, zibandikwe huko.

Huu ni mwezi wa kumi na nne tangu siku hiyo.

Jumamosi, saa za mechi, ndizo ngumu zaidi. Kwa hiyo Jumamosi hufunga chumba na kwenda vijijini na kamera, kwa watu aliowahi kuwapigia picha. Huomba picha walizo nazo kabatini, huzipiga upya, huandika majina. Amerudisha sura mia nne na kumi na mbili. Mzee Yeseri alimpa zile za macho yaliyofumbwa. Alikuwa ameondoka nazo siku ile, akazitunza.

Zedekia amemwona Stanislas mara moja, kwenye picha ya harusi ya Kitswamba, nyuma ya sufuria kubwa ya wali. Alimpelekea Mama Aimée, ambaye aliisogeza karibu na macho, kisha mbali.

"Sikio ni yake," alisema. "Na bega. Lakini sura iko wapi?"

Akairudisha. "Tafuta tena."

Leo, kama kila siku ya soko, mama huyo amekuja baada ya kuuza maharage yake, ameketi kwenye kiti cha picha kupumzisha miguu. Jumamosi hii Zedekia anakwenda Kahendero, ziwani, ambako Stanislas alikuwa akichukua samaki. Kuna mchuuzi aliyekuwa akiwapiga picha wabebaji kwa simu yake, na simu hiyo inasemekana bado ipo.

Zedekia anaifuta fremu tena, anairudisha kwenye msumari wake. Anasema kuna jambo linamtia hofu kuliko kutokumpata.

"Nikimpata Stanislas," anasema, "Jumamosi nitafanya nini?"

Mama Aimée anafunga upya kitambaa chake cha kichwa, bila kumtazama.

"Baba yake naye sina picha," anasema. "Ulifikiri kazi imekwisha?"