Mwalimu Aliyemchukua Muuza Ugoro Bila Ng'ombe

Mkuu wa shule aliusoma mchezo ule kwa siku mbili, kisha akamwita mwalimu wetu wa Kiswahili.

"Ndugu mwalimu," akamwuliza, "haya matabaka uliyoyaandika humu yako wapi? Sisi tumekwisha kuyafuta."

Mwalimu alikuwa kijana mwembamba wa Tanga. Alipopangiwa Tarime alikuja na koti la sufu alilokuwa akilivaa hata saa nane mchana. Alikuwa ameutafsiri mchezo wa Kizungu wa zamani, wa kuchekesha, kuhusu msomi anayemwokota msichana muuza maua na kumfundisha kusema kama wakubwa, mpaka wakubwa wenyewe wadhani ni mwenzao. Akamhakikishia mkuu kwamba msomi huyo ni bepari na mwishoni atajuta sana. Mkuu akagonga muhuri. Maua hayakufika hata kwenye mazoezi, maana Tarime nzima hakuna aliyewahi kununua ua. Msichana akawa muuza ugoro.

Muuza ugoro nikawa mimi. Nilikuwa kidato cha tatu, mtoto wa Busawe, ng'ambo ya Mto Mara. Sisi kule ni Wangoreme, lakini kwa mtu wa Tanga kila anayetembea na fimbo ni Mkurya, basi akanichagua kwa kuwa, alisema, nina ile sauti ya Kikurya. Miaka miwili mizima alikuwa ameipiga vita sauti hiyo darasani. Sasa aliitaka irudi, nayo ikagoma.

"Hapana, binti, hapana," alinikatiza siku ya kwanza ya mazoezi. "Mkurya hasemi hivyo. Nisikilize mimi."

Akanionyesha. Ndivyo nilivyofundishwa na mtu wa pwani kuzungumza kama mama yangu mzazi.

Nilijitahidi kuliko wenzangu wote, na si kwa mapenzi ya sanaa. Likizo iliyotangulia, wazee kutoka Kenyamonta walikuja nyumbani, wakanywa pombe ya mtama, wakaelewana na baba juu ya ng'ombe. Kijana wao alikuwa na mke mmoja na alimhitaji wa pili. Baba akaniambia nimalize muhula, kisha nirudi na sanduku langu. Mchezo ungeonyeshwa siku ya wazazi, na hiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho. Baba angenisikia nikisema Kiswahili cha redioni mbele ya wageni, angeona hasara ya kunitoa shule. Huo ndio ulikuwa mpango wangu. Sikujua kwamba angekuja na baba wa bwana harusi, mzee mnene mwenye kofia ya kaki, aje aone ng'ombe wake wanakwenda kununua nini.

Jukwaa lilikuwa meza za bwalo zilizosogezwa pamoja chini ya jua la alasiri. Mwalimu aliigiza msomi yeye mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na Kiswahili chake. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Niliuza ugoro, nikatukana wateja, na wazee wa mstari wa mbele wakacheka mpaka mmoja akaomba kuonja. Kisha msomi akatangaza kwamba atanichukua nyumbani kwake kwa miezi sita, anifundishe kusema.

Kicheko kikakatika.

Baba akasimama, fimbo mkononi. Pembeni ya jukwaa alikuwapo mwanafunzi mwenye ndevu za pamba, aliyepangwa aje kuwa baba yangu katika sehemu inayofuata. Alimwona wa kweli akija, akajibanza nyuma ya pazia.

"Mwalimu," baba akasema, "ng'ombe wako wapi?"

Mwalimu akadhani watazamaji wamenogewa. Akatabasamu. "Mzee wangu, shikamoo. Ng'ombe wa nini?"

"Marahaba. Unamchukua binti nyumbani kwako miezi sita. Hukutuma wazee. Hukuleta hata mbuzi. Na unalisema hadharani, watu wote hawa wakiwa mashahidi!"

"Mwambie!" sauti ikapaa kutoka nyuma. Kule kwetu neno likitamkwa mbele ya wazee limekwisha kuwa neno. Hakuna aliyewaarifu kwamba juu ya meza za bwalo ni tofauti.

"Simwoi, mzee," mwalimu akasema, na sasa jasho lilikuwa linalitoka lile koti. "Namfundisha kusema tu."

"Kusema? Huyu anasema tangu hajaota meno. Mama yake alimfundisha, wala hakumhamisha nyumba."

Uwanja ulilipuka. Hata mkuu wa shule alificha uso kwa ratiba ya sherehe. Baba akangoja wanyamaze.

"Haya. Akishajua kusema kama wakubwa, utamfanya nini?"

Mwalimu akanitazama mimi, kana kwamba nimeficha karatasi yenye jibu. Nikaona kofia ya kaki mstari wa mbele, imeinama kunisikiliza, nikajua nisiposema sasa nitasemea Kenyamonta, jikoni.

"Tata," nikamwambia baba kwa lugha ya nyumbani, "hilo swali niulize mimi. Yeye hajaniuliza. Na hao wa Kenyamonta nao hawajaniuliza. Mimi nataka kumaliza kidato cha nne. Anayetaka kunioa asubiri, au aoe mwingine."

Kisha nikayarudia yote kwa Kiswahili cha redioni, wageni nao wasikie. Mzee wa kofia akainuka polepole, akajikung'uta suruali.

"Ndugu yangu," akamwambia baba, "yule mke wa kwanza wa kijana wangu ana mdomo, na nyumba haikaliki. Huyu wa kwako ana midomo miwili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa redio. Hapana. Ng'ombe wangu watalala zizini kwangu."

Akaondoka. Baba alibaki amesimama, ameaibishwa mbele ya wilaya mbili, nami nikangoja fimbo. Lakini hasira yake ilikuwa imekwisha kuchagua mtu.

"Wewe!" akamwelekezea mwalimu ile fimbo. "Umemharibu. Basi mmalizie! Hivi alivyo ni nusu binti, nusu redio, nitampeleka wapi? Asirudi kwangu mpaka amekwisha."

"Ndiyo, mzee," mwalimu akajibu haraka sana.

Mchezo haukuendelea, kwa hiyo yule bepari hakupata kujuta. Likizo nilirudi nyumbani hata hivyo, na muhula uliofuata baba alinileta mwenyewe, amelibeba sanduku langu la bati begani kutoka stendi. Mwalimu alipomwona akarudi hatua mbili.

"Nimekuletea mtu wako," baba akasema. "Safari hii mfundishe na kunyamaza."

"Hilo, mzee," mwalimu akasema, "mimi mwenyewe sijafundishwa."

Baba akacheka, akaliweka sanduku chini.