Chumvi Hutiwa Chunguni

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nikiwa bado na nywele nyeusi, na Athi River ina vumbi la simiti mpaka chai unainywa huku umeifunika. Tulikuwa watatu kwenye chumba cha kompyuta cha kiwanda cha nguo: mimi, Musyoka aliyekuwa kwenye majaribio ya kazi, na mkubwa wetu Mama Mwende. Tulikuwa tunaandika programu ya Java ya kupanga zamu za washonaji. Meneja angekuja kuiona saa nne. Ikikataa, Musyoka angerudi kwao Kithyoko bila kazi, na kesho yake ndiyo alipaswa kupeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba. Sasa mkwe gani atampokea kijana aliyefutwa jana?

Siku hizo ukigeuza hata rangi ya kitufe, ulifunga programu nzima kuwa faili moja, ukaipeleka kwenye seva, seva ikaifungua, nawe ukangoja mpaka usingizi. Mama Mwende akatuonea huruma. Akatufundisha kuiacha wazi, bila kuifunga, kwenye folda ya seva. Unaandika kwenye chanzo, yaani zile faili zetu za asili, chombo cha kujengea kinanakili kilichobadilika tu hadi kwenye folda hiyo, unafungua ukurasa, umeona.

"Anayeonja chungu cha muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, hapakulii kijiji kizima," alisema. Lo, raha iliyoje! Tulicheka kama watoto, na mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Lakini utamu ulimlevya Musyoka. Hata kunakili akaona ni kupoteza wakati, akawa anarekebisha mambo mlemle kwenye folda ya seva. Mama Mwende akamwonya, "Hiyo ni nakala tu. Utalia." Musyoka akatabasamu, akaendelea. Asiyesikia la mkuu, mwanangu, unajua guu lake linavyoishia.

Ijumaa hiyo asubuhi nikajenga programu upya kutoka kwenye chanzo, kama ilivyokuwa desturi yetu kabla ya wageni. Folda ikafutwa, nakala mpya ikakaa. Marekebisho yote ya Musyoka yakapotea pamoja na ile ya zamani.

"Ai! Nimekwisha," akasema, mikono kichwani.

Mama Mwende hakupiga kelele. Alivuta kiti. "Uko na haraka ya kwenda wapi, na mbuzi ni kesho? Hiyo kazi bado iko kwa kichwa yako. Keti, useme, sisi tuandike. Na mara hii, kwenye chanzo."

Kidole kimoja hakivunji chawa. Alisema, tukaandika, chai ikapoa mezani. Saa nne meneja akaingia, akamwita mshonaji mmoja abonyeze jina lake. Zamu yake ikatokea. Mama Mwende akavua miwani, akaipangusa polepole.

Mwanangu, nimesikia huko kazini kwako unapenda njia za mkato. Onja mara nyingi, usione aibu kufunua chungu kabla hakijaiva. Lakini ukiona chumvi imepungua, itie chunguni, usiitie kwenye kijiko unachoonjea.

Ukibisha, muulize baba yako. Musyoka huyo ndiye yeye, na wale mbuzi walifika kwa kina mama yako Jumamosi, wote wazima.

Mungu akupe mikono myepesi na moyo usio na pupa, na siku utakapokosea, akuketishe karibu na mtu wa kukuvutia kiti.