Mwaka Usiokauka Rangi

Fundi Herufi ndiye aliyeandika bango la kiwanda: HAIDROJENI SAFI, NISHATI YA KESHO. Alipoambiwa kwamba haidrojeni yenyewe ni ya kijani, yaani isiyochafua hewa, alipaka kila kitu kijani, geti, nguzo, hata kiti cha mlinzi. Kiwanda ndicho hakikuwepo. Palikuwa na nyasi, ofisi ya mabati na, chini ya bango, mwaka wa kuanza kazi, ambao fundi alikuwa amekwisha kuufuta na kuuandika upya mara tatu.

Asubuhi hiyo aliitwa tena. Binti yake alikuwa amesomea haidrojeni hadi chuo kikuu, na huu ulikuwa mwaka wa sita yuko nyumbani analisubiri geti lile. Sasa karakana ya majenereta ya dizeli ilimtaka, na jibu lilihitajika kabla ya saa sita.

"Baba, niangalizie huo mwaka," alimwambia. "Ukiwa ule ule, nasubiri. Ukisogezwa, basi."

Meneja wa mradi alimpokea kwa bashasha. Bwana yule, hata umwambie ofisi inaungua, jibu lake ni moja.

"Mambo safi, fundi! Sogeza miaka mitano tu."

"Bosi, hii mara ya nne."

"Si nishati ya kesho? Sasa leo unaitakia nini?"

Na bango fundi aliliandika mwenyewe. Akapanda ngazi, akafuta, akaandika, akapiga simu.

"Mwanangu, umesogea."

"Sawa, Baba."

Sauti ile ilimuuma kweli kweli.

Mchana wakaja wageni wa kukagua maendeleo. Kipaza sauti kilitegemea jenereta la dizeli lililofichwa nyuma ya ofisi. Meneja alipofika pale pa kuuaga moshi katika hotuba yake, jenereta likakohoa, likatoa wingu jeusi, likazima. Akapiga simu karakana huku jasho linamtoka.

Haikupita nusu saa, pikipiki ikasimama getini. Akashuka binti wa Fundi Herufi, kavaa ovaroli mpya inayompwaya, boksi la spana mkononi. Geti la kijani likafunguliwa wazi, na meneja akamkimbilia.

"Karibu, mhandisi! Tunakusubiri wewe tu!"

Binti akainua macho kwenye bango, kisha akamtazama baba yake pale kwenye ngazi.

"Rangi bado mbichi, Baba."

"Mbichi tangu ulipomaliza chuo," fundi akajibu. "Pita pembeni, mwanangu, usije ukachafuka."