Nusu Ekari ya Jerotich Haipandwi Nyasi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande haujakauka kijijini Bahati, na Jerotich Kibii tayari amepiga magoti kati ya nyanya zake. Anageuza majani ya chini moja moja, akitafuta madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara. Akilipata lenye doa, analichuma na kulifungia kwenye ndoo.

"Haya nitachoma," anasema. "Blaiti, huu ugonjwa wa madoa, imenila misimu miwili. Huu wa tatu hainili."

Ana sababu ya kuwa mkali. Shamba hili ni la familia ya marehemu mumewe, na shemeji yake, Micah, ameshatoa amri: nyanya zikikauka tena, nusu ekari yote itapandwa nyasi za ng'ombe wake.

"Mama Cherono, umejaribu vya kutosha," alimwambia mwezi uliopita, akimwita kwa jina la mwanawe, akabwaga mzigo wa nepia, nyasi hizo za ng'ombe, ukingoni mwa shamba, tayari kwa kupanda.

Msimu uliopita Jerotich alitarajia kreti arobaini. Alivuna nne.

Kosa, anakiri bila kuona haya, lilikuwa lake. Afisa wa kilimo, Adongo, alikuwa amemshauri atumie unga wa kuvu rafiki, ile inayojishika kwenye mizizi na kuusaidia mmea kunywa maji na chakula hadi upate nguvu ya kuhimili ugonjwa. Akanunua. Lakini siku ya kuhamisha miche kutoka kitaluni, aliichovya mizizi kwenye dawa ya ukungu, inayoua kuvu, kwanza, jinsi mama mkwe alivyomfundisha na jinsi majirani wote wanavyofanya.

"Niliua wasaidizi wangu kwa mkono wangu," anasema. "Hiyo dawa haiulizi kuvu gani ni mbaya na gani ni nzuri."

Majirani walicheka, wakasema aliuziwa vumbi. Jerotich akarudi dukani kununua vumbi lingine.

Safari hii hakuna dawa iliyogusa mizizi. Kijiko cha unga kiliingia shimoni, mche ukakaa juu yake. Dawa ya ukungu anapulizia majani tu, na tu madoa yakianza kuongezeka. Zamani alibeba pampu kila wiki. Msimu huu ameibeba mara tatu.

"Sijaacha dawa. Nimeacha kumwaga ovyo."

Sasa nyanya zinamfika kiunoni na za chini zimeanza kuiva. Msimu ujao anapanga kuotesha miche yenye kuvu na kuwauzia majirani, hata waliomcheka.

Ule mzigo wa nepia haupo tena ukingoni. Chini ya nyanya kuna tandiko nene la nyasi kavu, linalozuia mvua isirushie majani udongo wenye ugonjwa. Akiulizwa alikolitoa, Jerotich hainui hata kichwa.

"Ni nyasi ya Micah," anasema, akigeuza jani jingine. "Alitaka nepia yake ikae kwa hii shamba. Imekaa."