Kuni za Radi

Weye unayetuambia kila siku kwamba dini zote ni sawasawa, ulishakaa pembeni ya mutu anayeogopa kitu ambacho weye hauogopi?

Nilipokuwa mutoto, pale mutaani kwetu Nyakasanza, radi ilipasua mukaratusi wetu katikati. Tate, mama ya baba yangu, alikuwa Mukatoliki wa misa zote, lakini alitoka milima ya Kpandroma. Kule kwao, kuni za muti uliopigwa na radi hazipikiwi mpaka zinyunyiziwe maji ya majani ya wazee. Anayezipikia mbele ya hayo maji, radi inamurudilia.

Mimi nilikuwa na akili nyingi, ile ile iliyonipatia baadaye licence ya université na chômage, kukaa bila kazi. Nikawaza: jirani yetu Mama Zaina ni Mwislamu, basi hiyo miko haimuhusu. Ilikuwa Ramadhani, makala ya kuwashia moto ilimwishia, bwana yake yuko mbali kwenye machimbo ya dhahabu. Nikamubebea kitunga kizima cha zile kuni. Akanibariki, akapika uji wa futari.

Tate aliponusa moshi wa karatusi, alitoka na kiatu kimoja mguuni.

“Zaina, hizo kuni umetosha wapi?”

“Mujukuu wako ameniletea, mama.”

Tate akanitazama tu. Angenichapa, ingekuwa afadhali. Akachota maji, akachuma majani, akataka kumunyunyizia. Mama Zaina akarudi nyuma.

“Mama, nakuheshimu sana. Lakini hiyo, hapana. Ulinzi naomba kwa Mungu peke yake.”

“Basi radi itakuua.”

“Kama Mungu ameandika.”

Chef d’avenue, mukubwa wa barabara yetu, alikuwa anapita, akajiingiza, kama desturi ya wakubwa. “Mama Zaina, dini zote ni moja. Kubali maji kidogo, ni formalité, kitu cha kutimiza tu, tumalize.”

Tate akamugeukia. “Formalité? Maji ya wazee wangu iko formalité? Na huyu anayekataa, unazani anacheza?”

“Tate, mimi natafuta amani tu.”

“Itafute kwako.”

Tate akamwagia maji mafiga yetu, kisha kichwa changu, mimi mubebaji. Mama Zaina akazima moto, akarudisha kuni zote. “Siziogopi, mama. Ni kwa ajili ya usingizi wako.” Tate akamupa makala yetu, siye tukala mihogo ya baridi.

Lakini chungu kilishachemka kwa zile kuni, na kwa tate hatari ilikuwa palepale. Siku ya tatu, saa nane ya muchana, wingu jeusi likashuka. Radi ya kwanza ilipolia, akachukua rozari, akaelekea mulangoni.

“Tate, unaenda wapi?”

“Kwa Zaina. Ikimufuata, itukute wawili.”

Akatoka kwenye mvua. Nikamufuata kwenye matope. Wakakaa mukeka moja, huyu na rozari, yule na tasbihi, na hakuna aliyemusahihisha mwenzake. Mvua ilipokatika, Mama Zaina akasema polepole, “Mama, ulikuja kufa na mimi kwa kitu ambacho mimi siamini.”

“Weye si ulirudisha kuni kwa kitu ambacho hauamini?”

Wakacheka mpaka tate akafuta machozi.

Miaka yote ya université sikukutana na profesa mwenye kimo cha wale wamama wawili. Tate hakuzani hata siku moja kwamba sala yake na ya Mama Zaina ni ile ile. Alijua tofauti vizuri kabisa, na akijua hivyo, akaenda.

Leo tuko na ba réunions, mikutano ya amani. Juzi nilikaa nyuma ya salle ya mukutano, chômeur haitwi mbele, nikaona wanapatia imamu, mupadri na muchungaji sala moja iliyopigwa mashine, wasome pamoja. Voilà, tumepatana, picha ipigwe. Imamu alikunja karatasi taratibu bila kuisoma, kwa adabu, macho chini.

Ba responsables, siye wakubwa wa hiyo mikutano tunawaomba: muondoshe ile karatasi. Mbele ya kuandika programme, muulize kila mumoja: nini unaweza kusema na siye, nini hauwezi? Muheshimu jibu lake. Halafu mukae pale, mwenzenu anapoomba kwa namna yake, mpaka amalize, bila kuangalia saa.