Mtu wa Pale Kwenye Utepe

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka arobaini na mbili, kwa sababu ya presha. Daktari aliniambia nipunguze chumvi na nitembee. Nikaanza kutembea, kutembea kukageuka kukimbia, na kukimbia kukanigeukia ugonjwa mwingine. Kila alfajiri nilitoka nyumbani kwetu Buswelu na kikundi cha jogging, tunaimba kama wanajeshi, mbwa wa watu wanatubwekea, kisha naoga na kwenda Mwaloni kuuza dagaa wangu. Wenzangu sokoni walinicheka mpaka wakachoka. "Mama, kwani nani anakufukuza?" Nikawajibu wauze samaki waniache na miguu yangu.

Mume wangu hakucheka. Ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno machache, na katika miaka kumi na nane ya ndoa hakuwahi kuja kuniona nikifanya jambo lolote. Nimeimba kwaya, hakuja. Nimepewa cheti mbele ya watu, hakuja. Kazi, siku zote kazi. Basi nilipojiandikisha mbio zangu za kwanza, zile za kilomita kumi kule Kisesa, nilimwambia wazi, "Nakuomba hili moja tu. Uje usimame pale kwenye utepe, unione namaliza." Akasema, "Nitakuja, mama." Nisiseme uongo, nilifurahi kuliko siku ya harusi. Wengine walikimbilia medali, mimi nilikimbia ili yule mwanamume anione.

Kisesa tulikula vumbi. Ng'ombe walikatiza barabara, tukasimama watu wazima na namba vifuani tunawasubiri wapite. Nilimaliza karibu na mkia, nikageuka huku na huku, mume wangu simwoni. Kufika nyumbani nikamkuta ameshanichemshia maji ya kuoga. "Watu walikuwa wengi, nilishindwa kukufikia," alisema. "Nikaona niwahi nikuandalie maji." Wanaume wangapi Buswelu wanawachemshia wake zao maji? Nikakaa chini nikamsimulia mbio nzima, naye anaitikia, "Ee, pale nilikuona." Kesho yake nikamsikia anawahadithia wateja wake jinsi nilivyomaliza. Nikapita kichwa juu.

Mwaka uliofuata nikaingia nusu marathoni ya mjini, kutoka uwanja wa Kirumba kwenda njia ya uwanja wa ndege na kurudi. Hiyo nilikimbia vizuri, sijui nilikula nini. Nikawapita wasichana niliowazidi miaka ishirini. Nyumbani maji yalikuwa tayari, nikasimulia, akaitikia, tukacheka. Pale nilijiona mwanamke aliyeolewa.

Mwaka huu nikarudi kwenye mbio zilezile. Niliondoka yeye bado amelala, simu yangu nikamwachia mezani aje nayo. Kilomita kumi na tano, pale Pasiansi wakati wa kurudi, msuli wa mguu ukanikaza mpaka nikapiga kelele mbele za watu. Nikajaribu kuchechemea, wapi! Jua kali, na upepo wa ziwani siku hiyo sijui ulikuwa umelala wapi. Dada wa huduma ya kwanza akanisugua, akatikisa kichwa, akanipandisha kwenye pikapu ya kukusanya walioshindwa. Ndani nikamkuta mzee mmoja amevua viatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Na wewe umekwisha?"

"Nimekwisha."

"Basi kaa, tupande gari kama mabosi."

Mzee alicheka, mimi nikalia. Sikulia kwa sababu ya mguu. Nilikuwa namwazia mume wangu, amesimama juani pale kwenye utepe, ananyoosha shingo, kila mtu anapita na mimi sipiti. Atadhani nimeanguka. Nikamsihi dereva akazane. Tulipofika nikachechemea kwenye umati, nikazunguka, nikauliza waliokuwa wanagawa maji kama wamemwona mwanamume mrefu anayemtafuta mkewe. Nikamwomba hata mtu wa kipaza sauti amtangaze. Akamtangaza mara tatu. Nikasimama pale karibu saa nzima, mpaka wakaanza kuukunja utepe.

Nikapata msaada wa gari la jirani hadi nyumbani. Naingia uani nimenyamaza, moyo unaniuma kwamba nimemkosesha mtu siku yake, namkuta amechuchumaa kwenye jiko la mkaa, sufuria la maji linatoa mvuke. Akainuka na tabasamu lake.

"Mama! Leo umetisha! Nilikuona unamaliza, aisee, watu wote wanapiga makofi!"

Nikaegemea ukuta, mguu bado umekaza.

"Nilinyanyua mikono?" nikamuuliza.

"Yote miwili!"

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Pale pale kwenye utepe. Watu tu walikuwa wengi."

Nikamwangalia. Nikamwambia, "Sikumaliza. Nimeishia Pasiansi, nikaletwa na pikapu."

Akafunika sufuria. Kisha akasema, kama vile yeye ndiye anayeonewa, "Lakini si huwa unamalizaga?"

Jamani! Nilitaka kumrushia kitu, sikuona cha kurusha.

"Na mwaka jana?"

"Mama, mwaka jana kulikuwa na geti la mtu, alikuwa ananisumbua..."

"Na Kisesa?"

Akachuchumaa tena akaanza kuchochea mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Angekuwa kwa mwanamke ningejua la kufanya, nina ndugu zangu na nina mdomo. Alikuwa kwenye geti. Na uongo wenyewe nilimtengenezea mimi, maana siku zote nilianza kusimulia mimi, yeye akaokota maneno yangu na kwenda kuwauzia watu. Leo nilichelewa kufungua mdomo, akatangulia.

Linaloniuma zaidi ni la mwaka jana. Zilikuwa zimebaki mita kama mia mbili, miguu imekataa kabisa, jua linanipiga usoni. Nikamwona mwanamume mwenye shati jeupe karibu na utepe, anapunga mikono. Nikasema moyoni, amekuja, kumbe amekuja. Nikakimbia kwa nguvu ambayo sijawahi kuipata tena, machozi yananitoka njia nzima. Alipotea kwenye umati kabla sijamfikia. Nyumbani siku ileile nilimuuliza, "Yule wa shati jeupe, ni wewe?"

Akaniangalia machoni akasema, "Ni mimi."