Kikohozi cha Siku ya Mahari

Kifua changu hakijawahi kuniheshimu, lakini kuziba wiki ya ruracio, sherehe ya mahari yangu mwenyewe, hiyo ilikuwa dharau. Othaya ilikuwa na ile baridi ya Julai inayoingia hadi ndani ya soksi, nami nilikohoa mpaka mbwa wetu akabweka.

Kwetu siku hiyo bibi harusi husimamishwa mstari mmoja na wasichana wengine, wote wamefunikwa leso kutoka utosini hadi miguuni. Bwana harusi akishika asiye wake, anatozwa mbuzi. Shangazi yangu alikuwa ameshaanza kumchoma yule mbuzi moyoni.

"Ati ukohoe ndani ya leso? Si atakujua mara moja!" alinifokea. "Hiyo kifua lazima ifunguke!"

Dawa ya maji ya dukani nilikuwa nikiinywa tayari. Yeye akaongeza tangawizi ya kuponda, ndimu na asali, kali ya kutoa machozi. Jioni akanifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi yaliyochemka. Nikatoka jasho, kamasi na maringo yote. Lakini makohozi yalilegea, na asubuhi ya sherehe nikavuta pumzi mpaka chini kabisa. Lo, raha iliyoje!

Mchumba wangu akapiga simu, kama alivyofanya kila asubuhi tangu niugue.

"Kifua iko aje?"

"Imefunguka kabisa."

"Asante Mungu," akasema, na ilisikika kwamba anashukuru kwelikweli.

Tukafunikwa leso, tukapangwa uani. Nikasikia viatu vyake vikija. Mbuzi hakunihusu, nilitaka anijue. Mara binamu yangu wa kushoto akakohoa. Wa kulia akajibu. Mstari mzima, kho, kho, kho! Kumbe shangazi alikuwa amewapanga, maana alijua bwana ana habari za kikohozi changu. Wageni wakacheka hadi viti vikalia.

Binamu akanisukuma kwa kiwiko, nami nikohoe. Nikagoma. Nikabana midomo, nikapumua polepole.

Viatu vikanipita, vikasita, vikarudi. Mkono ukatua begani mwangu.

"Ni huyu," akasema. "Wangu amepona leo asubuhi."